Ujira wa Walezi wa Watoto

Wahenga walinena, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini mlezi naye atunzwe vipi? Tumeona vema kuwaelezeni yaliyofanyika Marekani.

Huko wazazi wengi waendapo kazini huwaacha watoto katika nyumba za malezi. Kwa miaka mingi ujira wa walezi ulikuwa haba, hata walio hodari wakaenda kutafuta riziki kwingine, na mtoto akawa hana mlezi aliyemzoea. Mwaka 1990, katika jimbo la North Carolina, ulianzishwa mpango uitwao T.E.A.C.H. Mlezi hulipiwa sehemu kubwa ya karo ya masomo. Akiisha kufuzu hupewa tuzo ya fedha au nyongeza ya mshahara, kwa sharti la kubaki kazini kwa muda.

Mwaka 1998 jimbo la Oklahoma lilianza kuzipima nyumba za malezi kwa nyota. Yenye nyota nyingi ililipwa zaidi na serikali kwa watoto wa maskini waliolelewa humo.

Mipango hii haifanani. Fedha za nyota huja baada ya kupanda ngazi. Asiye na mtaji hubaki chini pamoja na watoto anaowalea. Karo humshika mlezi mkono tangu kidato cha kwanza cha ngazi.

Basi siku tutakapochanga fedha kwa ajili ya malezi, tukumbuke kwamba tuzo bila msaada humfikia yule tu aliyekwisha kufika.