Vifaa vya afya na dharura kwa wazee (Dadamu)

Ni vyombo vya kupimia afya nyumbani na kuitia msaada. Kidude cha kuvaa shingoni, ambacho mzee hukibonyeza akianguka, kilienea Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1970. Nyuma yake lazima kuwe na kituo chenye watu wa kupokea wito usiku na mchana. Dadamu, eneo la Arua nchini Uganda, kitu kilicho karibu zaidi na kidude hicho ni simu ya vitufe: namba ya mtoto au jirani huwekwa kwenye kitufe kimoja, kisha bodaboda huitwa. Chaji ikiisha, wito hauendi.

Kifaa chenye manufaa zaidi ni mashine ya presha ya mkononi. Mzee apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkanda juu ya ngozi tupu, mkono usawa wa moyo. Vipimo vya 140/90 au zaidi, vikijirudia siku tofauti, vipelekwe kituo cha afya. Posho ya serikali kwa wazee, SAGE, haiwezi kutegemewa kuinunua mashine hiyo: mwaka 2020 ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi na ilianzia miaka 80, ilhali presha ya juu huanza mapema zaidi. Wahudumu wa afya wa vijiji, mpango ulioanza 2001, wangefaa kukabidhiwa mashine hizo.