Historia ya Utabiri wa Kuoza kwa Nadra kwa Mesoni Nzito, 1970–2022

Utangulizi

Makala haya yanajadili namna wananadharia wa fizikia ya chembe walivyotabiri matukio adimu ya kuoza kwa mesoni, yaani kugeuka kwake kuwa chembe nyepesi zaidi, na namna majaribio yalivyoupokea utabiri huo. Hoja inayotetewa ni kwamba utabiri uliipa fizikia maarifa mapya pale tu wananadharia walipoweza kueleza hesabu yao ingeweza kukosea kwa kiasi gani. Pale mipaka ya mashaka ilipokuwa na utata, hata kipimo kilichotofautiana na nadharia hakikuweza kuamua jambo.

Chanzo: Kaoni na Kwaki ya Nne

Mwishoni mwa miaka ya 1960, nadharia ilikabiliwa na tatizo. Hesabu zilizotumia kwaki tatu zilionesha kwamba kaoni isiyo na chaji ingepaswa kuoza na kuwa jozi ya myuoni mara nyingi kuliko ilivyoruhusiwa na vipimo. Mwaka 1970, Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walipendekeza kuwapo kwa kwaki ya nne, ambayo mchango wake ungefuta sehemu kubwa ya mchango wa kwaki iliyokwisha kujulikana. Mwaka 1974, Mary Gaillard na Benjamin Lee walikadiria kwamba tungamo la kwaki hiyo lilikuwa karibu gigaelektrovolti 1.5. Mwezi Novemba mwaka huohuo, majaribio ya Brookhaven na Stanford yalitangaza chembe yenye tungamo la takriban gigaelektrovolti 3.1, iliyokuja kueleweka kuwa ni muungano wa kwaki ya nne na antikwaki yake. Hivyo basi, uchache wa tukio moja ulikuwa umefichua chembe ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Mesoni Nzito na Jozi ya Myuoni

Kugunduliwa kwa kwaki ya tano katika maabara ya Fermilab mwaka 1977 kuliifungulia njia hiyo ya utafiti uwanja mpana zaidi. Mfano ulio bayana ni mesoni Bs inapooza na kuwa myuoni na antimyuoni. Katika Modeli Sanifu, kwaki haigeuki moja kwa moja kuwa nyingine yenye chaji ileile; hupita njia ya mzunguko, kupitia bosoni W na kwaki nzito zinazojitokeza kwa muda mfupi mno. Aidha, kanuni za mizunguko ya chembe huzidi kulipunguza tukio hilo. Umuhimu wake unatokana na uchache huohuo, kwa kuwa chembe nzito isiyojulikana ingeweza kushiriki katika mzunguko huo na kubadili kiwango. Baadhi ya modeli za supasimetria zilitabiri ongezeko la mara kumi au hata mara mia.

Mwaka 1981, Takeo Inami na C. S. Lim walichapisha hesabu za msingi za mizunguko hiyo. Katika miaka ya 1990, Gerhard Buchalla na Andrzej Buras waliongeza masahihisho yatokanayo na kani kuu. Kazi hiyo ilihitaji subira, kwani kila hatua ilipunguza mashaka bila kuleta tangazo la kusisimua. Kufikia mwaka 2014, Christoph Bobeth na wenzake walitoa thamani ya 3.65 kwa kila matukio bilioni moja, yenye mashaka ya 0.23. Mwaka uliofuata, majaribio ya CMS na LHCb yaliyoko CERN yalichapisha kwa pamoja kipimo cha takriban 2.8. Kwa kuwa mashaka ya nadharia yalikuwa madogo kuliko yale ya kipimo, ukaribu huo ulitosha kuziondoa modeli nyingi za supasimetria zilizotabiri ongezeko kubwa.

Mifano Miwili ya Kulinganisha

Mwaka 2014, LHCb ililinganisha kuoza kwa mesoni B kunakotoa myuoni na kule kunakotoa elektroni, ikapata uwiano wa 0.745 badala ya moja. Kwa kuwa athari za kani kuu hujifuta katika uwiano huo, mashaka ya utabiri yalikuwa takriban asilimia moja tu. Haikuwezekana, kwa hiyo, kuilaumu hesabu. Mwezi Desemba 2022, uchambuzi mpya ulizingatia kikamilifu zaidi chembe zilizodhaniwa kimakosa kuwa elektroni, na uwiano ukaafikiana na nadharia.

Hali ilikuwa tofauti kwa vipimo vya pembe vya mwaka 2013, pale mesoni B inapotoa kaoni yenye msisimko pamoja na jozi ya myuoni. Humo, mchango wa mizunguko ya kwaki ya nne ni mgumu kukokotoa. Tofauti iliyoonekana imebaki na tafsiri mbili: chembe mpya, au hesabu isiyokamilika.

Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba kuafikiana kwa utabiri na kipimo si kushindwa kwa utafiti. Hata hivyo, kazi haijakwisha. Kuoza kwa mesoni Bd na kuwa jozi ya myuoni, kunakotabiriwa kutokea takriban mara moja katika matukio bilioni kumi, hakukuwa kumethibitishwa kufikia mwaka 2022. Kipimo hicho kitakapopatikana, uzito wake utategemea mashaka ambayo wananadharia watakuwa wamekwisha kuyatangaza.