Breki za Njia ya Rusumo: Kutoka Dramu hadi Diski katika Ukanda wa Lukole

Lukole iko wilayani Ngara, mkoani Kagera, katika ukanda unaopitiwa na barabara kuu itokayo daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Barabara hiyo hupita Benaco, huingia Biharamulo kwenye njia panda za Lusahunga na Nyakanazi, kisha huelekea Kahama na Isaka. Ngara ni nchi ya vilima na mabonde, na dereva hutumia breki mara nyingi kuliko wa nchi tambarare. Ufundi wa breki hapa umefuata vyombo vilivyopita: kila chombo kilikuja na breki ya aina yake, na aina hiyo iliamua ni nani awezaye kuitengeneza na mahali gani.

Chombo kilichoenea kwanza vijijini ni baiskeli. Breki zake za fito za chuma hubana mpira kwenye rimu, na mpira ukiisha hubadilishwa kwa dakika chache nje ya nyumba. Pale fito zilipokatika, mwendeshaji aliyebeba mkungu wa ndizi aliteremka mlima akiburuza soli ya kandambili juu ya tairi.

Malori na Land Rover za zamani zilitumia dramu magurudumu yote. Ndani ya dramu kuna viatu viwili vya breki vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Dramu hudumu, lakini hufungia joto ndani: kwenye mteremko mrefu chuma hupanuka, kitambaa cha breki hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga bila gari kupunguza mwendo. Kinga ilikuwa kuteremka kwa gia nzito, na utingo kukaa tayari na kabari ya kutupia mbele ya tairi. Matengenezo yalikuwa ya subira: vitambaa vilipigwa ripiti upya juu ya viatu vilevile, na dramu iliyochimbika ilipelekwa mjini kukerezwa. Vitambaa vingi vya enzi hizo vilikuwa na asibesto, na fundi aliyepuliza vumbi lake alihatarisha mapafu yake.

Mwaka 1994 uligeuza ukanda huu. Mwishoni mwa Aprili takriban wakimbizi 250,000 wa Kinyarwanda walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wanyarwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, lakini Lukole, iliyogawanywa kuwa A na B, iliendelea kuwa kambi kubwa ya Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Chakula cha wakimbizi kilitoka bandari ya Dar es Salaam kwa reli hadi Isaka, kisha kikapandishwa malorini. Kwa miaka kadhaa ujambazi kwenye mapori ya Biharamulo ulilazimisha magari kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi. Katika msafara wa namna hiyo gari lenye breki mbovu lilihatarisha yote.

Mashirika ya misaada yalileta Land Cruiser kwa wingi, na nyingi zilikuwa na breki za diski mbele na dramu nyuma. Diski haikuwa uvumbuzi mpya. Frederick Lanchester alipata hataza yake Uingereza mwaka 1902, Jaguar ikashinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop, na Citroën DS ya mwaka 1955 ikazipeleka kwa wanunuzi wa kawaida. Faida yake ni kwamba diski iko wazi na hupozwa na upepo. Lakini kwenye Land Cruiser hizo diski ya mbele hufungwa kwa bolti nyuma ya habu, hivyo kuibadilisha ni kufungua habu nzima, kutoa beringi, kuzipaka grisi upya na kuzikaza kwa kipimo. Hiyo ilibaki kazi ya karakana.

Badiliko lililoifikisha kazi hii nyumbani lililetwa na magari madogo yaliyotumika Japani, yaliyoenea nchini baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kwenye Corolla, Noah au Probox diski ya mbele huvalishwa tu juu ya habu na kushikwa na nati za tairi. Diski iliyoisha hujulikana kwa usukani kutetemeka breki inapokanyagwa, au kwa ukingo mkali unaohisiwa kwa ukucha. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umechapwa kwenye diski yenyewe.

Ili kuibadilisha, nati za tairi hulegezwa gari likiwa chini, magurudumu ya nyuma yakiwa yamewekewa kabari. Baada ya kupiga jeki, gari huegemezwa kwenye stendi imara, maana jeki peke yake huteleza. Kalipa, yaani kibano kinachobeba pedi, hufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya kwenye springi, isije ikavuta mpira wa breki. Diski iliyogandishwa na kutu haihitaji nyundo: nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi, na bolti mbili za milimita 8 zikikazwa kwa zamu huisukuma itoke. Habu husuguliwa hadi kutu yote iondoke, kwa kuwa punje moja ikibaki diski mpya itayumba. Diski mpya hufutwa mafuta ya kuzuia kutu, pistoni hurudishwa taratibu huku kikopo cha mafuta ya breki kikiangaliwa kisifurike, na pedi mpya huwekwa. Pande zote mbili hubadilishwa pamoja, gari lisije likavuta upande mmoja.

Kabla ya kuondoka, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa sababu pistoni zilizorudishwa huacha nafasi, na breki ya kwanza isingeshika. Kisha gari hujaribiwa mahali tambarare kwa mwendo mdogo, na breki hukanyagwa kwa upole mara nyingi ili pedi na diski zizoeane. Baada ya hapo ndipo literemke Rusumo.