Kambi Ndani ya Kompyuta

Mwaka 2006 kulikuwa na kambi moja ambayo hakuna mkimbizi aliyewahi kulala humo. Iliitwa Camp Darfur. Ilijengwa ndani ya Second Life, dunia ya kompyuta iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Marekani, Linden Lab. Humo mtu anatembea kwa umbo la kuchorwa, anapiga stori na wenzake, ananunua na kuuza. Kwenye mahema waliweka picha na habari za vita vya Darfur, ili mtu wa mbali apite, aone, aulize. Wahuni wa mtandaoni wakaja kuiharibu. Wachezaji wengine, wakiwa na maumbo ya mashujaa wa katuni, wakajitolea kuilinda.

Dunia hiyo hiyo ilichanga pesa pia. Second Life ina sarafu yake, lakini inanunuliwa kwa dola za kweli na inaweza kurudishwa kuwa dola. Kwa njia hiyo shirika la saratani la Marekani, American Cancer Society, liliingiza humo matembezi yake ya hisani, Relay For Life. Mwaka 2005 zilipatikana karibu dola 5,000. Mwaka 2007 zilipita dola 100,000. Miguu ilikuwa ya kuchorwa, pesa zilikuwa za kweli.

Mwezi Aprili 2006 ukatoka mchezo Darfur is Dying, kazi ya Susana Ruiz na wanafunzi wenzake wa University of Southern California. Unachagua mtu wa familia, halafu unamtuma kuteka maji huku wapiganaji wakimwinda. Wengine walisema mateso ya watu si mchezo. Wengine walijibu kwamba vijana wasiosoma gazeti wameijua Darfur kwa njia hiyo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu Clouds Over Sidra. Unavaa miwani maalumu, na ukigeuza kichwa unaiona kambi ya Zaatari, Jordan, pande zote, huku binti Msiria wa miaka 12 akikuelezea maisha yake. Filamu ilipelekwa Davos kwa viongozi na matajiri. UNICEF nao waliitumia kuchangisha barabarani, wakasema mtu mmoja kati ya 6 walioitazama alitoa mchango, karibu mara mbili ya kawaida.

Mpaka hapo, mkimbizi ni wa kutazamwa tu. Wengine ndio walioamua hadithi ianzie wapi na iishie wapi.

Lual Mayen aligeuza meza. Alizaliwa wakati familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kuichaji tu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akajifundisha kutengeneza michezo, akaunda Salaam, yaani amani. Mchezaji ni mkimbizi anayekimbia, anahitaji maji, chakula na dawa. Mayen alikusudia kwamba anayenunua vitu hivyo ndani ya mchezo awe amemsaidia mtu halisi kambini.

Tofauti iko hapo. Teknolojia ni ile ile, ila safari hii mwenye njaa ndiye aliyeandika mchezo wa njaa.

Kwa hiyo, wenzetu wa mashirika, mkija na kamera na miwani, karibuni. Lakini tutauliza: nani anaandika maneno? Mtoto na mzazi wake wameelewa picha itafika wapi? Wanaweza kukataa na jina lao likabaki kwenye orodha ya mgao? Pesa zikipatikana, tutaletewa hesabu? Na wewe kijana unayepigania chaji ya simu kila siku, usingoje kuchorwa. Shika kalamu, na kompyuta ikipatikana, shika na hiyo.