Eneo na ujazo

Eneo ni mtoto wa kuenea. Ujazo, wa kujaza. Fundi rangi atakuuliza eneo la kuta, muuza matangi atakutajia ujazo. Chukua tangi la mcheduara, yaani umbo la pipa, lenye kipenyo cha mita 1 na kimo cha mita 1. Ubavu wake una mita za mraba 3.14 hivi, na ndani huingia lita 785 hivi. Sasa zidisha kipenyo na kimo, vyote viwili, mara 2: rangi ya ubavuni itakwenda mara 4, maji mara 8! Wanunuzi wengi hudhani ni mara 2 tu. Kiwanja kina eneo. Ujazo huanza unapochimba msingi na kuagiza lori la mchanga.