Wageni wa Kazeh

Twaiona miembe ya Tabora, tukadhani Waarabu walioipanda walikuja kuhamia. Sivyo. Walikuja Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa, wangoje pembe na wapagazi, kisha warudi Unguja. Kungoja kukawa kwa miaka: wakajenga matembe, wakaoa. Muhammad bin Juma, babaye Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mgeni akawa mkwe.

Lakini Mtemi Mnywa Sere alipowatoza ushuru, walimwondoa kwa vita karibu na mwaka 1860. Mwaka 1865 wakamkata kichwa. Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao jembe walimpa mtumwa, wao wakashika bunduki. Nasi tukaapo ugenini, tujiulize: mkononi tumeshika nini?