Namba ya Mkiani

Anayeunda mfano wa zamani wa plastiki wa ndege ya mizigo ya Kimarekani, Curtiss C-46, husugua maungio kwa msasa, hupaka rangi, na mwisho hubandika namba mkiani. Namba hiyo ni ushahidi: hubainisha iwapo ndege halisi iliundwa Buffalo, Louisville au St. Louis.

Mwaka 1944, askari wa Afrika Mashariki walipopigana Burma, ndege hizo zilivuka Himalaya kupeleka shehena China. Vita vilipokwisha, Louisville iliacha kuziunda. Curtiss-Wright ikahama Buffalo kwenda Columbus, ilikokuwa imeunda ndege za Helldiver.

Waliogonga ribiti hawakuandikwa majina. Namba ikikosewa, hata mji wao hupotea.